Mcheza Kwao Hutunzwa, Basi Tuwatunze

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na insha tumeitungia si haba. Lakini hebu tuutazame uwanja wetu wa mpira wa vikapu, ule ulio nyuma ya maabara. Waliocheza pale miaka nenda miaka rudi, pamoja na waliowafunza kucheza, wametunzwa vipi? Maoni yangu ni kwamba hawajatunzwa, na wakati wa kulipa deni hilo unatuponyoka.

Ukiingia katika ofisi ya Mwalimu Mkuu utaona kabati la vioo lenye vikombe vya vikapu. Kila kikombe kimeandikwa jina la mashindano na mwaka. Jina la nahodha halimo. Jina la kocha halimo. Ni kana kwamba vikombe hivyo vilikuja shuleni kwa miguu yao wenyewe! Siku ya kutoa zawadi, aliyeongoza katika Hisabati huitwa mbele, akapigiwa makofi na kupewa kamusi. Sina kinyongo naye, anastahili. Lakini timu ya vikapu husemwa kwa sentensi moja tu, ati "pia tulishiriki michezo," kisha tunaenda kula.

Tusisahau kwamba mchezo huu wenyewe ulibuniwa na mwalimu. Mnamo Desemba 1891, James Naismith, aliyekuwa akifundisha mazoezi ya viungo mjini Springfield kule Marekani, alitakiwa kutafuta mchezo wa kuchezewa ndani ya jengo wakati wa baridi kali. Akatundika vikapu viwili vya kubebea matunda, akaandika kanuni 13, na vijana wakaanza kurusha mpira. Leo mjini humo kuna jumba la kumbukumbu lenye jina lake, ambamo magwiji wa mchezo huu hupewa heshima. Jambo lililonivutia ni kwamba jumba hilo halikuwekewa wachezaji matajiri wa kulipwa peke yao. Wamo pia makocha wa shule za upili.

Yumo Bi. Bertha Teague, aliyewafunza wasichana wa shule ya Byng katika jimbo la Oklahoma tangu 1927 hadi 1969. Timu zake zilishinda mara 1,157 na kushindwa mara 115 tu. Aliingizwa jumbani mwaka wa 1985. Yumo Morgan Wootten, aliyekaa katika shule moja tu, DeMatha ya jimbo la Maryland, tangu 1956 hadi 2002. Hiyo ni miaka 46, na ushindi mara 1,274. Yumo pia Bob Hurley wa shule ya St. Anthony mjini Jersey City, shule ndogo ambayo haikuwa na ukumbi wake wa michezo. Mchana alikuwa afisa wa probesheni, jioni alikuwa kocha, na shule hiyo ikatwaa ubingwa wa jimbo mara nyingi. St. Anthony ilifungwa mwaka wa 2017 kwa ukosefu wa fedha. Milango ilifungwa, lakini sifa zake hazikufungwa, kwa sababu kulikuwa na watu walioandika.

Najua kuna atakayeguna na kusema, "Wewe nawe! Hao ni Wamarekani, pesa wanazo." Haya, turudi nyumbani. Mwaka wa 1976 alikuja Iten mtawa mmoja kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha Jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Akaanza kuwafunza vijana mbio, na miongoni mwa aliowalea ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka wa 2012. Katika ua wa shule hiyo mabingwa waliosoma pale wamepandiwa miti ya kumbukumbu. Jameni, mche wa mti ni pesa ngapi? Mwanafunzi anayepita chini ya kivuli kile anajua kwamba aliyetangulia alikanyaga udongo uo huo.

Riadha wameweza. Vikapu je? Mwaka wa 1993 mashindano ya wanaume ya Afrika yalichezewa Nairobi, na Kenya ikamaliza katika nafasi ya nne. Ilipita miaka 28 kabla ya timu yetu kurudi katika mashindano hayo. Mnamo Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alirusha mpira wakati saa inamalizikia, ukaingia, tukawashinda Angola 74 kwa 73, Angola waliokuwa wametwaa ubingwa wa Afrika mara 11! Jina la Ongwae lilitajwa kila mahali, na ni haki yake. Lakini waulize wenzako darasani wakutajie mchezaji mmoja tu wa mwaka wa 1993. Utaona watakavyotazama dari. Na kila mmoja wa wachezaji hao, wa zamani na wa sasa, kuna mtu aliyemtia mpira mkononi mara ya kwanza na kumwonyesha jinsi ya kuudunda bila kuutazama. Huyo ndiye anayesahaulika kabisa.

Sasa niseme la kwetu. Kocha wetu, ambaye ni mwalimu wa Hisabati, atastaafu Desemba hii akitimiza miaka 60. Ameifunza timu ya vikapu kwa miaka 22. Kila Januari huinama yeye mwenyewe na kopo la rangi na kamba, akachora upya mistari iliyofutwa na mvua. Wavu ukikatika huushona. Sisi ni shule ya kutwa. Kengele ya saa kumi ikilia, wengi wanakimbilia matatu, naye ndipo anapopiga filimbi. Giza likianza kuingia huwauliza wachezaji mmoja mmoja, "Wewe unapita njia gani?" na wa mbali huwapanga waende pamoja. Mimi si mchezaji, kazi yangu ni kuandika pointi mezani, kwa hivyo nimeyaona haya nikiwa nimekaa. Nimeona pia kwamba karatasi zile za pointi hutupwa muhula unapokwisha.

Wala si kocha peke yake. Kuna dada mmoja aliyemaliza hapa miaka tisa iliyopita, sasa ana kibanda cha kuuza mboga karibu na steji. Kila Jumamosi asubuhi humwachia mamake kibanda, akaja kuwafunza wasichana wetu kudaka mpira unaorudi kutoka ubaoni. Halipwi hata nauli. Wageni wakija siku ya wazazi hakuna anayemtambulisha.

Nimelizungumza jambo hili na wenzangu, nikapata pingamizi tatu. Ya kwanza, mwalimu hulipwa mshahara. Ni kweli, hulipwa kufundisha Hisabati, lakini ile saa ya jioni ni yake na ya watoto wake, naye ametupa sisi. Ya pili, timu yetu haijawahi kuvuka mashindano ya kaunti. Nami nauliza, kwani heshima ni ya washindi tu? Kama ni hivyo, basi wengi wetu hapa tutaondoka bila ya kukumbukwa. Bingwa huwa mmoja, lakini bila ya timu nyingine kufika uwanjani hawezi kuwa bingwa wa mtu yeyote. Aliyekuja kila jioni kwa miaka 22, akishindwa leo na kurudi kesho, ametufunza somo ambalo kikombe hakilifunzi.

Pingamizi ya tatu ilisemwa kwa methali, eti mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo naiheshimu, lakini hapa haina pa kukaa. Mgema huyu anashuka mnazini. Tembo ameshatugemea, tumeshakunywa. Kilichobaki ni ahsante.

Isitoshe, sisi Wakenya tuna tabia moja isiyonipendeza. Sifa za mtu tunaziweka akiba hadi mazishini. Hapo hema hukodishwa, vipaza sauti huletwa, na kila aliyepewa nafasi husema marehemu alikuwa mtu wa watu. Marehemu mwenyewe hasikii! Afadhali maneno mawili mtu akiwa hai na amesimama mbele yetu kwenye gwaride kuliko kurasa kumi akiwa ndani ya sanduku.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji harambee. Kwanza, tuweke ubao wa mbao kando ya uwanja, uandikwe majina ya makocha na miaka waliyohudumu, pamoja na manahodha wa kila mwaka, wavulana kwa wasichana. Pili, karatasi za pointi zitiwe katika faili na kuwekwa maktabani, kwa maana asiyeandikwa hufutika. Tatu, kabla shule hazijafungwa muhula wa tatu, kuwe na mechi moja baina ya timu ya sasa na waliowahi kuchezea shule, kocha wetu aketi mbele pamoja na wageni wa heshima, na yule dada wa kibanda cha mboga aketi karibu naye. Badala ya kumpa Mwalimu thamosi na blanketi kama ilivyo desturi ya kuwaaga wanaostaafu, na apewe mpira uliotiwa sahihi na kila aliyecheza chini yake tutakayempata.

Kazi ya majina nimeshaianza. Katika daftari langu nina manahodha wa miaka 11, niliowapata kwa kuuliza wazee wa mtaa na wauzaji wa dukani ambao zamani walivaa jezi yetu. Miaka mingine 11 bado ni mistari mitupu. Wewe unayesoma ukurasa huu, kama kaka au dada yako alisoma hapa, mwulize leo jioni nani alikuwa nahodha wakati wake. Kama kuna picha ya timu ukutani kwenu, igeuze nyuma uone kama kuna majina. Kisha uniletee mezani ninapoandikia pointi, Jumanne au Alhamisi, saa kumi na robo. Desemba haiko mbali.