Watafiti wa damu kuganda wafike Ukambani



Tukiuliza kwa nini tafiti za dawa za kuzuia damu kuganda huishia Nairobi na kwenye hospitali kubwa za rufaa, tunaambiwa watu wa vijijini wanaogopa kutolewa damu. Hiyo ni dharau. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu, yalipowadhuru watu 317 na kuua 125 kati yao, wengi wao wa Makueni na Kitui, watafiti waliomba damu ya wagonjwa 40 na ya wanavijiji wazima 80 huku Ukambani. Walipewa, tena wakati wa matanga.

Kuhusu damu kuganda, mimi na majirani zangu hatujawahi kuulizwa.

Shemeji yangu anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu apate donge la damu mguuni baada ya kujifungua. Karatasi aliyopewa hospitalini inamwonya kuhusu spinachi na brokoli. Brokoli, Kibwezi! Sisi mvua za Novemba zikinyesha tunakula majani ya kunde mchana na jioni. Ikifika Septemba shamba ni vumbi. Vitamini K iliyo katika mboga za majani hupunguza nguvu ya warfarini, na mboga zikiadimika dawa huzidi nguvu hata mtu akavuja damu. Anashauriwa ale mboga kwa kiasi kilekile kila wiki. Ushauri huo unamfaa mwenye jokofu na soko la karibu. Nani amepima damu ya mgonjwa wa Ukambani wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, akalinganisha?

Si suala la mboga tu. Utafiti wa COAG wa Marekani, uliotolewa 2013, ulipanga dozi ya warfarini kwa kufuata jeni. Damu ya wagonjwa Weusi waliopangiwa hivyo ilidhibitiwa vibaya kuliko ya wenzao waliopangiwa bila jeni. Fomula iliyotumika haikuzingatia tofauti za jeni zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kisha 2022 ukaja INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Ilitarajiwa rivaroksabani, dawa mpya, isipitwe na zile za kundi la warfarini. Ilipitwa, na waliopewa dawa za zamani walikufa wachache zaidi. Bila wagonjwa wa nchi kama zetu, nani angejua?

Kwa hiyo NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, na idara za afya za kaunti zetu mbili, Makueni na Kitui, kabla ya kutoa kibali, zimuulize mtafiti maswali ya kawaida kabisa. Fomu ya ridhaa iko kwa Kikamba, na itasomwa kwa sauti na mhudumu wa afya anayejulikana kijijini? Nauli ya mama wa Mutomo, Kitui, imo kwenye bajeti? Mashine ya kupima INR, yaani kasi ya damu kuganda, itabaki zahanatini, au itarudi Nairobi na gari la mradi? Na matokeo yatasomwa katika baraza la chifu mwezi gani?

Msomaji,
Kibwezi, Makueni