Washa Iliyobaki Kwenye Beseni

UPEPO WA KUSI, na Hamisi Nalinga

Msimu wa korosho ukikaribia, gereji za chini ya miembe hapa Sudi hujaa Honda za zamani, zile CG125 zilizopitia mikononi mwa mabwana shamba na walimu kabla ya kuwa bodaboda. Minada ya Oktoba ikianza pesa itaonekana, kwa hiyo kila mwenye chombo anataka kitembee. Injini zinashushwa. Fundi anafunga, anapiga kiki, inawaka, watu wanashangilia. Kisha spana boi anamwaga petroli ya kuoshea, na chini ya beseni kuna washa.

"Hiyo ya ziada," fundi anasema, watu wanacheka.

Honda hawakuweka ziada. CG125 ilipotoka mwaka 1976 ilikusudiwa nchi kama zetu, ambako oili haibadilishwi mpaka iwe lami. Ndiyo maana haina cheni ya taiming inayopanda mpaka kwenye hedi. Vali husukumwa kwa fimbo mbili. Injini iliyokwisha punguzwa hivyo huipunguzi tena kwa beseni.

Tazama loki za pini ya pistoni. Ni viwaya viwili vilivyopindwa, kimoja kila upande. Kikikosekana kimoja, pini inasogea kidogo kidogo na kuchimba ukuta wa silinda. Hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni kile kiringi cha mpira ambacho injini nyingi huwa nacho kwenye njia ya oili ya kwenda juu. Bila hicho pikipiki inawaka na kulia vizuri, fundi analipwa, abiria wanapakiwa, huku hedi inakauka taratibu. Ikija kukatika njiani kuelekea Lindi, wa kulaumiwa ni mafuta ya kituo cha jana.

Washa nazo zina ujanja wake. Nyembamba za kwenye shafti za gia hunatia kwa oili upande wa ndani wa kava. Kava likitolewa, washa inaondoka nalo, halafu inadondokea mchangani bila mtu kuiona. Hapo fundi hakusahau kitu. Hakujua kama kilikuwepo.

Lakini lawama kubwa naipeleka kwa sisi wateja. Tunafunguliwa injini, tunaambiwa spea ziko Lindi au Mtwara, tunasema pesa kesho. Injini inalala wazi wiki mbili. Fundi naye ana watoto, anafungua nyingine, na nyingine, zote Honda, vyuma vyote beseni moja. Siku pesa ikipatikana tunamsimamia kichwani tangu asubuhi: "Bado tu, fundi?" Nani angekumbuka washa katika hali hiyo?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, na ndani yake imo kuhesabu vifaa, pamba na sindano kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Daktari bingwa anahesabiwa na hanuni. Fundi wetu ukimshauri ahesabu, anakuuliza umeanza lini kushika spana.

Wapo wanaofanya vizuri, tena bila gharama. Wanachora kava la klachi kwenye katoni ya sabuni, wanatoboa matundu, kila boliti inachomekwa mahali pake. Boliti hizo hazilingani urefu, na ndefu ikilazimishwa kwenye tundu fupi inapasua chuma. Kila sehemu ina kopo lake. Simu inapiga picha kabla spana haijagusa kitu. Nami ningeongeza sharti moja kwa mteja: pesa ya spea iwe mkononi mwa fundi kabla injini haijashushwa, au kama ubovu utaonekana baada ya kufungua, basi kila injini ifungiwe kwenye ndoo yake yenye jina la mwenyewe.

Na lile tambara linaloziba chini ya pistoni ili loki isidumbukie tumboni mwa injini, nalo lihesabiwe. Linatakiwa litoke kabla bloku haijashushwa.