Tusiwafukuze Mabinti Uwanjani

Kauli moja nimeisikia mara nyingi hapa Nakuru, hasa katika mtaa wa Bondeni ambako Waislamu wameishi tangu zama za ukoloni. Kauli yenyewe ni kwamba mpira wa miguu haumfai mwanamke. Asemaye hivyo hukunja uso akataja dini, kisha akataja mila, na mwisho akauliza majirani watasema nini. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, lakini tumeyafunga tita moja kwa miaka mingi hata hatujui tena lipi ni lipi. Naomba leo tulifungue tita hilo.

Kwanza, msomaji wa pwani afahamu kwamba mji huu ni mji wa kandanda. Ulinzi Stars, timu ya jeshi, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2003, 2004, 2005, na tena 2010. Kule Naivasha, timu ya shamba la maua la Oserian iliuchukua mwaka 2001 na 2002. Ushindi huo ulikuwa fahari ya watu wote. Lakini Naivasha hiyo hiyo ilitoa Oserian Ladies, na Nakuru ikatoa Nakuru City Queens, ambayo zamani ikiitwa Nakuru West Queens, na zote mbili zimecheza ligi kuu ya wanawake. Mbona hizi hazitajwi barazani ila kwa kejeli? Nimesimama kando ya uwanja nikawasikia wanaume wazima, wenye mabinti nyumbani, wakipiga kelele juu ya miguu na vifua vya wachezaji, na pasi nzuri ikipita hakuna aliyeiona. Kisha watu hao hao hurudi mtaani wakasema mchezo ule hauna haya. Jamani, ni nani aliyekosa haya pale?

Tuje kwenye mila. Mila si jiwe, na Bonde la Ufa ni shahidi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini msichana mdogo, Sabina Chebichi, alikimbia mbio kule Kericho miguu mitupu, amevaa gagulo. Magazeti yakambandika jina la binti mfalme wa gagulo. Mwaka 1974 msichana huyo alikwenda Christchurch, New Zealand, akarudi na nishani ya shaba ya mita 800, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata nishani katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Baadaye Pauline Konga akaleta fedha ya Olimpiki mwaka 1996, na Pamela Jelimo akaleta dhahabu mwaka 2008. Leo mzazi wa Bonde la Ufa akimwona binti yake anakimbia alfajiri barabarani, humwombea dua. Hakuna baraza lililokaa likatangaza kwamba mila imebadilika. Ilibadilika yenyewe watu walipoona heshima na riziki.

Wala tusidhani kwamba pingamizi hili ni letu peke yetu, au kwamba limetoka katika Uislamu. Uingereza, ambako kandanda ya sasa ilitungiwa sheria, wanawake walicheza mbele ya watazamaji wapatao 53,000 mjini Liverpool mwezi wa Desemba 1920. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha mpira kikawafungia viwanja vyake kwa madai kwamba mchezo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Waliotoa amri hiyo hawakuwa masheikh.

Sasa dini. Mimi si mwanachuoni, na fatwa nawaachia wenyewe. Lakini sote tumesoma madrasa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na mara nyingine Mtume akashinda. Hadithi hiyo imo katika Abu Daud. Atatokea mtu aseme kwamba walikuwa mume na mke, na watu walikuwa wametangulia mbele. Kweli kabisa, na hoja yake naikubali. Maana yake ni kwamba kukimbia kwa mwanamke hakukuwa aibu. Linalobaki ni kuulizana juu ya stara: anavaa nini, anacheza wapi, na nani anamtazama.

Kuhusu mavazi, wenzetu wamekwisha tupigania. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman kwa sababu ya hijabu. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 2014 sheria za mpira zikaruhusu rasmi kichwa kufunikwa. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia, Nouhaila Benzina wa Morocco aliingia uwanjani na hijabu yake, na timu yake ikafika raundi ya 16 bora. Basi atakayesema kwamba haiwezekani kucheza na kujisitiri amepitwa na habari.

Linaloniuma hasa ni hili. Binti akikatazwa, mara nyingi haachi mpira. Huucheza kwa kificho. Huondoka nyumbani akisema anakwenda kwa shangazi, akabadili nguo nyuma ya kichaka, akarudi magizani bila wa kumsindikiza. Kocha asiye mwema akimwonea, atamwambia nani, ilhali nyumbani hawajui kwamba anacheza? Kwa hivyo marufuku yetu inamtia binti katika hatari ile ile tunayodai kumkinga nayo. Tumelinda jina la nyumba tukamwacha mtoto wa nyumba.

Je, isingekuwa bora mama na shangazi wakae kando ya uwanja? Isingekuwa bora wazee wa msikiti wadai chumba cha kubadilishia nguo, kocha mwanamke, mazoezi yaishe kabla ya Magharibi, na mtazamaji mwenye ulimi mchafu atolewe nje? Hiyo ndiyo stara yenye manufaa. Ninyi ndugu zetu wa Kilifi mna mfano mlangoni: tangu mwaka 2001 shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwakusanya wasichana wa huko kucheza kandanda.

Na tukumbuke kwamba mwaka 2024 timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la kandanda haikuwa ya wanaume. Ilikuwa ya wasichana walio chini ya miaka 17, na kule Jamhuri ya Dominika waliifunga Mexico 2-1. Watoto wale nao wana wazazi, na mtaani kwao pia hapakosi majirani wenye maneno. Majirani watasema tu. Mzazi mwenye busara amfuate binti yake hadi uwanjani, asimame pale, amlinde kwa macho yake mwenyewe.