Sindano Haiishii Mjini

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, walikuwapo waliojifariji kwamba hayo ni maradhi ya huko huko. Barabara ikawakanusha. Leo yasemwa vivyo hivyo juu ya sindano ya heroini: ati ni balaa la Dar es Salaam na Unguja, haliwahusu watu wa Korogwe na Handeni. Sisi hatukubali. Korogwe imekaa juu ya njia kuu iendayo Arusha, na kutoka hapo hadi Handeni ni kilomita 65 tu. Unga hauhitaji bandari, basi latosha.

Serikali imekwisha kutenda mengi. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Ndugu zetu wa Unguja wakapata yao Kidongo Chekundu mwaka 2015. Tanga nayo ikapata ya Bombo. Lakini methadoni hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu. Kijana wa Handeni asiye na nauli ataifuataje Bombo kila alfajiri? Huyo, hadi huduma imsogelee, ataendelea kujidunga. Na akikosa sindano yake atatumia ya mwenziwe, pamoja na damu iliyomo, yenye virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini. Na mashua ziendazo Pemba hazipimi damu ya abiria.

Kwa hiyo twasema waziwazi: hospitali ya wilaya impe sindano safi, naye airudishe iliyotumika, ikateketezwe. Kenya ilipotangaza mpango wa namna hii mwaka 2012, viongozi wa dini wa Pwani waliupinga, wakiona ni kuubariki ulevi. Hofu yao twaielewa, maana nasi tulikaa chuoni. Lakini fiqhi tuliyosomeshwa juu ya mikeka hiyo yataka madhara makubwa yazuiwe, hata kwa kuvumilia madogo. Kijana huyu hapewi unga. Apewa sindano isiyo na maradhi.

Na askari je? Sindano ikifanywa ushahidi wa kumkamatia mtu, hakuna atakayeirudisha. Itatupwa kichakani, imchome mtoto achezaye.

Halmashauri za Korogwe na Handeni zikae na waganga wakuu na wakuu wa polisi wa wilaya kabla ya kupitisha bajeti ijayo, zitenge chumba, mhudumu na tanuri la kuteketezea.