Kazi za Nyumbani Zipime Akili, Zisipime Nyumba



Saa kumi na mbili jioni, giza linapoanza kushuka juu ya Mapendo, msichana wa sekondari anarudi kutoka ziwani akiwa na bidoni ya lita 20 mgongoni, kwa maana bomba la nyumbani limekauka tangu juzi. Akishaitua, anawasha makala, anapika, anamwogesha mdogo wake, kisha anaosha sahani. Saa tatu usiku ndipo anapofungua daftari, na hapo umeme umekatika. Katika chumba ambamo wengine wanataka kulala, anawasha mshumaa na kuanza maswali kumi ya hesabu. Usingizi unamshinda akiwa amemaliza manne. Kesho yake anaandikiwa pointi 4 kwa 10.

Sikumpa msichana huyo jina, kwa kuwa kila mmoja wetu anamfahamu, na baadhi yenu mnaosoma hapa ni yeye. Nauliza jambo moja tu: pointi hizo nne zilipima nini?

Sitaki kazi za nyumbani zifutwe. Tunafundishwa kwa Kifaransa na nyumbani tunasema Kiswahili. Asiyeandika chochote baada ya masomo, Kifaransa chake kitabaki ubaoni. Tena Mtihani wa Serikali mwishoni mwa sekondari unawauliza wanafunzi wa Goma yale yale wanayoulizwa wa Kinshasa, na hakuna msahihishaji atakayetaka kujua kama mtaani mwetu umeme ulikuwapo. Mwalimu asiyewapa wanafunzi kazi kwa kuwahurumia anawanyima silaha.

Hata hivyo, kudai ni jambo moja na kudai kwa haki ni jambo jingine. Naona makosa matatu. La kwanza, kila mwalimu hutoa kazi yake kana kwamba yuko peke yake shuleni, na jioni moja mwanafunzi hujikuta na kazi za masomo manne. La pili, kazi nyingine zinadai fedha: fotokopi, kuchapisha, vifurushi vya intaneti. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini sekondari wazazi bado wanalipa minervali, na nyumba iliyokwisha kuilipa kwa taabu haina tena akiba ya karatasi. La tatu, ambalo ni baya kuliko yote, ni kazi inayokusanywa bila kusahihishwa. Hapo mwanafunzi hujifunza kwamba kujaza ukurasa kunatosha. Ndipo anaponakili daftari la mwenzake langoni kabla ya kengele, au kumwomba kaka amwandikie. Uongo huo tumeufundisha sisi wenyewe.

Mji wetu umezoea kupoteza siku za masomo. Volkano ya Mei 2021 iliwafanya watu kwa maelfu wahame makwao, na vita vya Januari 2025 vilifunga milango ya shule. Siku zikipotea, kishawishi ni kulundika kazi za nyumbani ili kuzifidia. Lakini nyumba inayotakiwa kufidia ndiyo ile ile iliyobeba msiba.

Mwalimu anaweza kunijibu: darasa langu limejaa, mshahara ni mdogo, nitasahihisha madaftari yote saa ngapi? Hoja yake ni ya kweli. Kwa hiyo apunguze. Maswali matano yaliyosahihishwa na wote pamoja ubaoni yanajenga kuliko ishirini yasiyosomwa na mtu. Walimu wa darasa moja wapatane, ili kazi ndefu isizidi moja kwa jioni. Kazi iwe ya daftari na kalamu. Pointi za buletini zitoke zaidi katika kazi zinazofanywa darasani, ambako wote wana mwanga ule ule.

Jambo hili linatuhusu pia kama Wakristo wa parokia. Shule nyingi za mji wetu zinaongozwa na Kanisa kwa mkataba ambao Serikali na Makanisa waliutia sahihi mwaka 1977, na katika kamati za wazazi wamo baba na mama zetu. Tuwaombe kwa heshima walifikishe kwa prefe wa shule.

Nasi tuna la kufanya pasipo kungoja mtu. Kati yetu wamo waliokwisha kupata diploma ya Serikali na wanaokaa bila kazi. Ukumbi wa parokia mara nyingi ni mtupu alasiri. Tuombe ruhusa ya padri, tuufungue siku mbili kwa juma, toka saa nane hadi saa kumi na moja, ili wasichana wafike nyumbani kabla ya giza. Wakubwa wakae na wadogo na kuwaeleza. Wasiwafanyie kazi zao.

La mwisho nawaambia ndugu zangu wa kiume. Kijana anayesoma huku dada yake akiteka maji, anasoma kwa saa za dada yake. Akipata 8 naye dada akapata 4, asijidhani kuwa ana akili zaidi. Leo jioni abebe bidoni, kesho abebe dada, kisha wote wawili waketi mbele ya mshumaa mmoja.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Nyumbani kwetu, nani anapata saa ya kusoma, na nani anaikosa ili mwenzake aipate?
2. Nani kati yetu yuko tayari kutoa alasiri moja kwa juma ukumbini, na katika somo gani?