Vijana wa Kujitolea Wapewe Kazi na Heshima

Kila Novemba vijana wa Kidato cha Nne humaliza mtihani wao, na wanaochaguliwa kuendelea huanza Kidato cha Tano Julai. Katika miezi hiyo ya kungoja, kijana wa Lugoba hukaa nyumbani bila kazi maalumu, ilhali jirani yake yupo mzazi asiyeweza kusoma kadi ya kliniki ya mwanawe, na yupo mtoto wa mfugaji ambaye shule imempita. Kuiacha miezi hiyo ipotee ni uzembe wetu sisi watu wazima, wala si wa vijana.

Jambo hili si geni katika Mkoa wa Pwani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ulipokwisha akataja maeneo sita yaliyotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa 1971. Mafia ilikuwa mojawapo. Walimu wengi wa kampeni ile hawakuwa na vyeti vya ualimu. Walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakiwafundisha watu wa umri wa babu zao kwa posho ndogo. Wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na asilimia 9.6 mwaka 1986.

Hata hivyo, haitoshi kusifu. Posho zilipochelewa, walimu waliacha. Vitabu na magazeti ya vijijini yalipoadimika, waliojifunza wakasahau. Sensa ya 2012 ilikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya kila watano hajui kusoma na kuandika. Ahadi ni deni, na deni lile halikulipwa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Halmashauri ya Chalinze, na wenzao wa Mafia, wazingatie mambo matatu. Kwanza, kijana afunzwe kabla ya kufundisha, na awe chini ya mwalimu mzoefu. Pili, apewe nauli na chakula kwa wakati, pamoja na hati ya kuthibitisha kazi yake, itakayotambuliwa atakapoomba chuo au ajira. Tatu, kazi yake iwe na mpaka: asaidie madarasa ya jioni ya watu wazima, na watoto wa MEMKWA walioikosa shule kwa wakati wake. Asiwekwe kuziba pengo la mwalimu wa kuajiriwa. Tangu ada ya sekondari ya kutwa ilipofutwa mwaka 2016 hadi Kidato cha Nne, wanafunzi wameongezeka sana, na kishawishi cha kumtumia kijana bure ni kikubwa. Kufanya hivyo ni kumnyonya.

Nanyi ndugu zetu wa Chole, Juani na Jibondo, kijana wenu arudipo kutoka masomoni, msimdharau kwa udogo wake. Wenyeviti wa vijiji na waandikishe sasa majina ya wanaotaka kusoma, ili Novemba ijayo ifikapo, mwalimu kijana awakute wanafunzi wake wakimngoja.