Elimu Iliyoondoka Mohoro Haijarudi Nyumbani

Hapa Mohoro ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, tarehe 4 Agosti 1905. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Majimaji. Wazee walisema kwa Kiswahili na kwa lugha zao za asili. Ripoti zikaandikwa kwa Kiingereza. Tasnifu ya Gilbert Gwassa ya mwaka 1973, iliyochimba chanzo cha vita hivyo, nayo ni ya Kiingereza. Kwa lugha yetu tulipata tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Msanii alilipa deni. Wanazuoni bado wanadaiwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam husifiwa kwa upana wa taaluma zake. Kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja cha sheria. Leo kinafundisha na kutafiti uhandisi, tiba, kilimo, na sayansi za bahari. Sina ugomvi na upana huo. Lakini mto mpana usiofika shambani hauoteshi mpunga.

Huambiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hiyo imechakaa. Idara ya Kiswahili ya chuo hicho hicho ilianza kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1970. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Na mvuvi wa delta hachanganyi mkandaa na mchu, wala msinzi na mkomafi. Mtaalamu huuliza majina hayo kwake, akayaandika kwa Kilatini, kisha akasema lugha yetu ni masikini!

Nilifundisha historia sekondari. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeweza kusimulia Majimaji chini ya mwembe hadi watu wakasahau kula. Darasani, kwa Kiingereza, alikuwa bubu. Nilimpa alama ndogo. Hadi leo najiuliza nilipima historia au nilipima Kiingereza.

Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mto huu umetafitiwa kwa miongo mingi. Mkulima wa mlau aliyepoteza chakula cha mwaka angeusoma wapi utafiti huo, na kwa lugha gani?

Sisemi Kiingereza kifukuzwe; ulimwengu nao una haki ya kusoma. Nasema hivi: tasnifu yoyote iliyokusanya maarifa kijijini isipitishwe mpaka iwe na muhtasari kamili wa Kiswahili, nakala ikabidhiwe ofisi ya kijiji na shule ya karibu.

Nanyi malenga, msijifiche nyuma ya vina na mizani. Mnaoweza kutafsiri, tafsirini. Aliyeazima jembe kwa jirani hulirudisha. Mbona aliyeazima elimu huondoka nayo?